Habari za Mjakaranda wa Silanga

Afadhali niseme mwenyewe kabla mama wa makaa, yule mwenye kibanda chini ya mjakaranda, hajanitangulia: niliupiga mti. Asubuhi ya Jumamosi moja ya Agosti, nikiwa na kaptura na sweta ya shule, nilipanda juu ya pipa lake, nikashika ule ufito mrefu tunaoinulia kamba ya nguo, nikaanza kuucharaza mjakaranda kama mwalimu wa zamu aliyeamka vibaya. Maua yalinishukia kichwani, shingoni, mpaka ndani ya sweta. Mbuzi mmoja alisimama akanitazama mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kutazamwa kwa dharau namna ile, na nimewahi kukariri shairi mbele ya kidato cha nne.

Sikuwa na ugomvi na ule mti. Nilitaka mamangu arudi nyumbani.

Tangu Januari mama anafanya kazi Kawangware, kwa shosho mmoja, bibi kizee mwenye ploti tatu za nyumba za kupangisha na magoti mawili yaliyogoma. Anamwogesha, anampikia, anamsomea Biblia, analala huko huko. Mimi nilibaki Silanga kwenye chumba chetu kwa sababu shule yangu iko huku. Si mbali. Ukitembea haraka ni saa moja na nusu, na kuna wanaume wa mjengo wanaoipiga hiyo njia kila siku wakienda na kurudi. Nimeenda mara mbili. Mara zote mbili tuliongea langoni dakika tano, shosho akiita kutoka ndani, mama akigeuza kichwa kila akiitwa, mpaka nikajisikia kama mtu anayeuza vitu ambavyo hakuna mtu anataka. Nikaona simu ni afadhali. Kwenye simu humwoni mtu akigeuza kichwa.

Alipokuwa akipatana na shosho habari ya kazi, mama aliweka sharti moja tu. Mvua za mwisho wa mwaka zikikaribia, apewe siku tatu mfululizo akapande shamba lake. Shosho, aliyelima hapo Kawangware wakati kulikuwa bado na mahindi mahali palipo na maghorofa leo, alikubali kabla mama hajamaliza sentensi. Siku tatu. Hizo ndizo nilikuwa nikizingoja tangu Januari, nami si mtu wa kungoja. Hata uji siungoji upoe.

Shamba lenyewe ni kipande chembamba kando ya bwawa, cha upana wa vitanda vitano. Mama hupanda managu na saga, mboga za kienyeji. Mbegu zake ni uzao wa mbegu za nyanyangu, aliyeishi na kufa karibu na ziwa. Kila msimu mama huacha mashina machache yazeeke, anakamua mbegu, anazianika, anazifunga kwenye kitambaa. Ni ndogo kama vumbi. Huwezi kuzipanda mojamoja. Mama huzichanganya na jivu la mama wa makaa, anavua viatu, anatembea kinyumenyume akizirusha kwa vidole vitatu, na hakuna mtu anayeruhusiwa kumsaidia. Nilijaribu mara moja nikiwa mdogo. Zote zilianguka mahali pamoja, na nikazikanyaga.

Na wakati wa kupanda anausoma kwa mjakaranda. Huko kwao nyanya aliangalia mti mwingine, wa huko. Mama alipofika Nairobi hakuuona mti ule popote, basi akauchagua huu ulioinama juu ya kibanda cha makaa, akauchunguza miaka mitatu bila kumwambia mtu. Kisha akakata shauri: siku maua yatakapoanguka mpaka chini pawe zambarau, panda wiki hiyo hiyo, mvua itazikuta mbegu udongoni. Na mvua ilikuwa ikizikuta. Wanawake wengine wenye mashamba pale kando ya bwawa walianza kwa kumcheka. Sasa akishika jembe, nao wanashika.

Tatizo ni kwamba kwa shosho hakuna mjakaranda. Ulikuwepo mmoja, ukakatwa kupisha vyoo vya wapangaji. Kwa hivyo mimi nikawa macho ya mama. Kila Jumapili saa nane, shosho akishalala baada ya chakula, simu yangu ya vibonyezo inalia.

"Haya, nyathina. Mti unasemaje?"

Nyathina ni mwanangu kwa lugha ya kwao. Na mimi nakohoa, nabadilisha sauti iwe ya mtangazaji wa redio. "Hii ni taarifa ya habari kutoka Silanga, msomaji ni mwanao mtanashati. Mjakaranda leo umeamka salama. Umenyewa na ndege watatu. Msemaji wa mti amekataa kutoa maoni."

Mama hucheka akiziba mdomo ili asimwamshe shosho. Nakijua kicheko hicho, kinatoka puani. Tunaongea mpaka salio liishe au shosho aamke, kimoja kinachotangulia. Halafu nabaki na simu mkononi, na mara nyingi naendelea kuisomea sufuria taarifa ya michezo.

Sasa, Julai ya Nairobi ina tabia zake. Jua huenda likizo bila kuaga. Watu hutembea wamejikunyata, mikono kwenye makwapa, na kuna manyunyu yanayoweza kukunyeshea kutwa nzima bila kukulowesha sawasawa. Mwaka huu baridi ilikuja siku nne ikaondoka, kama mgeni aliyekosea nyumba. Wauza jaketi za mitumba pale Sarang'ombe walikaa juu ya marobota yao wakijipepea kwa kofia. Maji ya bwawa yalirudi nyuma na matope ya ukingoni yakapasuka vipandevipande kama chapati ya jana. Ule mwavokado wa kanisani ulitoa maua huku matunda ya zamani yakiwa bado yananing'inia. Niliyaona haya yote kwa sababu sikuwa na haraka ya kufika nyumbani. Mtu akikungoja nyumbani huangalii miti.

Wiki ya pili ya Julai, nikitoka shule, nililiona juu ya gunia jeusi la makaa: ua moja la zambarau. Nilidhani limetupwa na mtoto. Nikainua macho. Upande unaotazama bwawa, kwenye matawi yaliyokuwa hayajamaliza hata kupukutisha majani, kulikuwa na vishada viwili vya maua, wazi kabisa, mwezi wa baridi.

"Mama, mti umetoa maua," nilimwambia mama wa makaa.

"Na wewe utatoa akili lini?" alisema, akaendelea kujaza mikebe ya makaa bila kuangalia juu.

Tatizo langu ni kwamba najulikana. Mwaka jana nilieneza habari kwamba kuna mamba kwenye bwawa, nikachora na nyayo zake matopeni, watu wakaacha kupita ile njia siku mbili. Kwa hivyo nilipofika shuleni na habari hii ya maua, nayo ni ya kweli, ilipokelewa kama mamba. Tena niliiharibu mwenyewe. Shuleni kwetu maua ya mjakaranda ni alama ya mtihani wa mwisho. Yakionekana, kidato cha nne wanaacha kula. Nilishindwa kujizuia. Nilisimama mlangoni mwa darasa lao nikiwa na kishada kimoja nilichokichuma.

"Wasee, niaje! Cheki maua! Mtihani imesongeshwa, mnaanza wiki ijayo!"

Mmoja alilia kweli. Nilichapa kazi ya kufagia uwanja wiki nzima, na mwalimu aliponiuliza hilo ua nimelitoa wapi, nikamwambia limetoka mtini, akaongeza siku mbili.

Jumapili nilisoma taarifa bila kubadilisha sauti. "Mama, mti umeanza."

"Umeanza nini?"

"Maua."

"Julai?" Akacheka kile cha puani. "Wewe, na ule mamba anaendelea aje?"

"Mama, sichezi."

"Sawa. Msalimie mamba."

Ndipo nikaazima simu ya mama wa makaa, ile ya picha, nikaupiga mti picha, tukamtumia mama. Hakujibu upesi. Alipopiga, hakuwa anacheka.

"Nyanyako angeogopa," alisema. "Mti ukitoa maua kabla ya wakati, hujui kama ni wewe umechelewa ama ni yeye amepotea." Kisha akasema maua si kitu. Kuanguka ndiko kunakohesabiwa. "Usiondoe macho. Siku yataanguka uniambie, nitaomba zile siku tatu."

Hapo ndipo nilipopiga hesabu. Mti ukitangulia kutoa maua, si utatangulia pia kuyaangusha? Mama angekuja Agosti badala ya Oktoba. Nikawa naenda pale kila jioni. Naweza kukuambia mambo ya ule mti ambayo hata wenyewe haujui. Maua yalifunguka kuanzia upande wa bwawa yakazunguka kuelekea reli. Nyuki walikuja saa nne, si kabla. Matawi ya juu yalibaki na majani mabichi, kama mtu aliyevaa suruali ya sherehe na shati la kulalia. Wenzangu walipita wakielekea uwanjani. "Buda, umeoa huo mti?" Nikawaambia tumetoa mahari. Wakacheka, wakaenda. Nikabaki.

Lakini maua hayakuanguka. Moja leo, mawili kesho. Shule zikafungwa. Wenzangu wengi walipelekwa ushago, vijijini kwao, na vyumba vya kwenye ploti yetu vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Nilikuwa napika ugali wa watu wawili kwa mazoea, halafu nakula wote kwa hasira. Kulikuwa na siku ambayo neno la kwanza nililosema lilikuwa saa kumi jioni, nalo lilikuwa "nipe nyanya mbili," kwa muuza mboga. Nikashtuka kwa sauti yangu.

Hiyo ndiyo wiki niliyochukua ufito.

Mama wa makaa alikuwa ameenda kupokea magunia. Nilipomaliza kupiga, ardhi yote chini ya mti, na meza yake, na pipa lake, vilikuwa zambarau. Palipendeza, lazima niseme. Nilikaa kwenye kona kama mtu asiye na habari mpaka akarudi.

"Yesu wangu! Leo hapa kumenyesha nini?"

"Yameanguka," nikasema. "Nipatie simu nimpigie mama picha."

Alinitazama, akatazama mti, akaokota kishada kimoja kizima na kukigeuza kwenye vidole vyake vyeusi. Kisha akanipa simu. 

Mama alikaa na ile picha mchana kutwa. Jioni ndipo alipopiga. "Nimeona," alisema. "Nimeongea na shosho. Nakuja Jumatatu."

Zile siku tatu nitazieleza kwa ufupi kwa sababu nikizieleza kwa urefu nitaharibika. Alikuja na mkoba wa kijani na samaki wawili wakavu. Alifua hata vitu visivyo vichafu. Aliniuliza kwa nini sufuria ina maandishi ya mkaa nyuma, nikasema ni alama za mpira, akasema haya. Usiku alikoroma, nami nikalala kama jiwe kwa mara ya kwanza tangu Januari. Asubuhi ya pili tulienda shambani. Nilibeba jivu. Yeye akavua viatu, akafungua kitambaa, akachanganya, akaanza kurudi kinyumenyume, vidole vitatu, kama mtu anayewarushia vifaranga chakula. Nilisimama kando nikimwangalia. Kila alichorusha kilikuwa uongo wangu.

Wanawake wawili wa mashamba ya jirani walikuja na majembe yao.

"Jirani, ndio tunapanda? Na bado kumekauka hivi?"

"Nyinyi ngojeni," mama alisema. "Mimi najaribu tu."

Nilishangaa. Mama hajawahi kujaribu kitu maishani mwake, yeye hufanya. Mama wa makaa naye alikuwa amekuja na ndoo ya jivu la kuongeza. "Mti wako mwaka huu umeangusha maua kwa mkupuo," alimwambia mama, macho yakiwa kwangu.

"Dunia imebadilika," mama akajibu, akaendelea kurusha.

Jioni ya mwisho alifagia chumba, akasukuma mkebe wa majani ya chai chini ya kitanda, mbali kabisa ukutani, akaniambia nisivuruge vitu vyake. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Alinishika sikio, badala ya kunikumbatia, akaondoka.

Mvua haikuja. Nilibeba maji kutoka kioski cha Mashimoni, mitungi miwili kila jioni baada ya shule kufunguliwa, kwa sababu kile cha karibu kilikuwa kimekauka. Mbegu zikaota kidogo, nyembamba kama ndevu zangu. Nikapata matumaini. Wiki moja ya jua la Septemba ikazichoma, nilichoacha jioni nikikiona kijani asubuhi nakikuta kama uzi. Kwenye taarifa ya Jumapili nilisema zinaendelea vizuri. Nilitumia ile sauti ya redio. Mama hakucheka, alisema tu, "Sawa, mtangazaji."

Halafu, mwisho wa mwezi, matawi ya juu ambayo ufito wangu haukuyafikia yakafanya kazi yake. Yalikuwa yametoa maua baada ya yale ya chini, kimya kimya, na sasa yakaanza kuyaachilia. Hayakuanguka kwa kishindo. Lilikuja moja likizunguka, lingine, lingine, yamelegea, kengele tupu bila kikonyo, bila jani. Siku ya tatu mama wa makaa aliacha kufagia. Chini palikuwa zambarau, na zambarau hii haikufanana na yangu hata kidogo. Upepo kutoka upande wa Ngong ulikuwa na harufu ya udongo. Wale wanawake wawili walipita na majembe begani.

"Mama yako yuko wapi? Si ni sasa?"

Nikasema yuko kazini. Walipoenda nikaketi juu ya pipa. Mbegu za nyanyangu zimekwisha. Siku tatu zimekwisha. Na mama yuko saa moja na nusu kutoka hapa akidhani mboga zake zimefika magotini.

Jumapili hiyo sikungoja simu. Nilianza kutembea baada ya kanisa, nikapita Ngong Road, nikaingia Kawangware saa nane hivi, mawingu yakinifuata kwa nyuma kama polisi. Nilibeba mfuko wenye maua ya kuanguka kwa kweli, sijui kwa nini. Mama alifungua lango akiwa na taulo begani.

"Kuna nini? Umegonjeka?"

"Hapana."

"Umefukuzwa shule?"

"Bado."

Shosho akaita kutoka ndani. "Ni nani huyo?"

"Ni kijana yangu, shosho!"

"Yule wa maua?"

"Huyo huyo!"

"Mwambie akule kabla aende!"

Nilikuwa nimepanga utani wa kuanzia. Nilikuwa nimeupanga tangu Dagoretti Corner. Haukutoka. Nilimpa mfuko, akafungua, akatazama ndani, na mimi nikamwambia yote nikiangalia taulo: ufito, pipa, picha, maji ya Mashimoni, vile mboga zilikuwa uzi, vile nilisema zinaendelea vizuri, vile mbegu za mamake zimeisha na ni mimi niliyezimaliza. Nilisema pia kwamba leo ndiyo siku yenyewe, mti umeangusha maua wenyewe, na yeye hana ruhusa nyingine. Tone moja la mvua lilipiga bati la lango. Safari hii shosho aliita mara mbili na mama hakugeuza kichwa.

Alichosema ni hiki, neno kwa neno:

"Ua likijiangukia halikujangi na kikonyo. Kwa ile picha yako niliona vikonyo, niliona majani mabichi, niliona mpaka ncha ya ufito wangu wa nguo. Nilijua kabla nimwombe shosho ruhusa. Nilipanda nusu. Nusu ingine iko kwa ule mkebe wa majani, chini ya kitanda. Kesho uamke mapema, upande kabla ya shule. Changanya na jivu, vua viatu, na urudi nyuma polepole, hiyo miguu yako inaua vitu. Siku ingine ukitaka nikuje, niambie nikuje. Sasa ingia ukule haraka uende, mvua isikupate kwa njia."